Siku Tatu Majini

Fundisho kwa wakatekumeni wanaojitayarisha kwa ubatizo wa Pasaka

Mtume Paulo, katika barua yake kwa Waroma, sura ya 6, anafundisha kwamba kubatizwa ni kuzikwa pamoja na Kristu, ili kufufuka pamoja naye. Wakatekumeni wengi husikia neno hilo wakashangaa: mtu atazikwaje katika maji, kisha atoke mwenye uzima? Lakini hakuna mama wa kijiji asiyeona jambo linalofanana na hilo kila juma. Huchukua mihogo michungu, ambayo ndani yake mna sumu, huizika majini, huiacha humo siku tatu. Kisha huitoa ikiwa chakula cha watoto wake. Fundisho hili litaeleza kwanza kazi hiyo ya mikono na sababu yake, kwa maana kazi isiyoeleweka huharibiwa upesi. Baadaye litaonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanana na kazi ya Mungu ndani ya roho ya mkatekumeni.

1. Mfano wa mjane na mkaza mwana wake

Katika kijiji kimoja, si mbali na ziwa Tanganyika, walikaa wanawake wawili katika nyumba moja: mjane mzee, Mkristo wa siku nyingi, na mkaza mwana wake, aliyekuwa mkatekumeni. Mume wa kijana huyo alikuwa mbali, akitafuta kazi machimboni, na habari zake hazikuja mara kwa mara. Watoto walikuwa watatu. Ilikuwa Kwaresima, nayo Kwaresima huangukia miezi ya mvua, wakati chakula cha zamani kimekwisha na kipya hakijakomaa.

Mkaza mwana alikuwa ameandikwa katika hesabu ya watu watakaobatizwa usiku wa Pasaka. Maswali ya katekismu aliyajua yote. Haja yake ilikuwa moja tu: kitambaa cheupe cha kushona vazi la ubatizo, wala fedha hakuwa nayo. Siku ya Jumanne ikaja habari kwamba mchuuzi angepita Jumamosi na motokari yake, akinunua makopa ya mihogo kwa bei nzuri, ayapeleke mjini. Jioni ile ile mkaza mwana aling'oa mihogo, akaimenya, akailoweka vikapu viwili katika kidimbwi kando ya kijito.

Jumatano jioni akashuka tena kijitoni. Mjane akamfuata polepole, akamkuta ameinama majini.

"Mwanangu, umekuja kuchota maji?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuitoa mihogo. Kesho na keshokutwa jua likijitokeza nitaianika, na Jumamosi itakuwa tayari."

Mzee akainama, akashika muhogo mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakikuingia.

"Huu haujafa bado," akasema.

"Mama, ukisha kukauka nani atajua? Kwa macho ni sawasawa na mwingine."

"Kweli, kwa macho ni sawasawa. Je, utautwanga nyumbani, uwapikie watoto wako?"

Mkaza mwana akanyamaza kidogo, akasema, "Hapana, mama. Huu ni wa kuuza."

"Basi mtoto wa mjini ana tumbo gani ambalo watoto wako hawana?"

Yule kijana akaketi juu ya jiwe, akalia. Akasema kwamba hana nguo ya ubatizo. Akasema tena kwamba hata unga wa nyumbani umekwisha, na wakingoja mpaka Ijumaa, watoto watalala njaa siku tatu. Mzee hakumkemea. Akairudisha mihogo majini mmoja mmoja, akaweka mawe juu yake isielee, akamshika mkono, wakapanda nyumbani.

Alipofika jikoni akanyosha mkono juu, kwenye kichanja kilichokuwa juu ya mafiga. Akateremsha kikapu kidogo cha ndagala waliokaushwa wakati wa kiangazi. Akateremsha shada la mahindi yaliyokuwa meusi kwa moshi. Kisha akatoa pembeni kibuyu cha maharagwe yaliyochanganywa na majivu. Akaviweka mbele ya mkaza mwana, akamwambia, "Hivi ndivyo vitakavyotusaidia kungoja."

Wakala usiku ule mahindi na maharagwe, wakala Alhamisi, na Ijumaa wakala ndagala kama Kanisa linavyoruhusu siku ya mfungo. Ijumaa jioni mihogo ilikuwa imelainika yote. Wakaitoa, wakaianika. Jumamosi mchuuzi akafika, akayashika makopa, akayaona mabichi, akakataa kungoja. Motokari ikaondoka, na mkaza mwana akabaki kando ya njia bila fedha na bila kitambaa.

Habari yake haijakwisha, itamalizwa mwishoni. Sasa inafaa kuuliza: Je, mzee huyo alikuwa mwenye akili, au alikuwa mkaidi tu?

2. Sumu isiyoonekana

Mihogo haikuwako Afrika tangu mwanzo. Ilitoka Amerika ya Kusini, na Wareno waliileta pwani ya Kongo katika karne ya 16. Muhogo huvumilia ukame na ardhi maskini, na hukaa udongoni muda mrefu bila kuoza. Kwa hiyo ulienea nchini kote. Lakini muhogo mchungu una silaha yake: ukikatwa au kutafunwa, hutoa sumu iitwayo sianidi. Silaha hiyo huuokoa na wanyama na wadudu wengi. Lakini mtu naye ni mlaji, na sumu haimchagui mlaji.

Kwa sababu hiyo mama wa Kongo waliishika desturi ya kuloweka. Muhogo ukikaa majini siku tatu kamili, huchacha na kulainika, nyama yake hulegea, na sumu hutoka ikaenda na maji. Penye baridi, kama milimani, siku tatu hazitoshi. Zahitajika nne au zaidi. Hakuna njia ya mkato. Muhogo uliokaa majini usiku mmoja tu unaweza kuwa mweupe na mzuri machoni, na sumu nyingi bado imo ndani.

Sumu hiyo ikiwa nyingi sana kwa mara moja, huleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, na hata kifo. Ikiwa inaingia kidogo kidogo, siku kwa siku, kwa mtu asiyepata samaki wala maharagwe, huweza kuleta ugonjwa mwingine wa kutisha. Mtoto mzima analala jioni. Asubuhi anaamka, miguu yake imekakamaa, hawezi kutembea kama jana. Wayaka wa Kwango waliuita ugonjwa huo konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Hushika hasa watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Hauambukizi. Wala hakuna dawa ya kuifungua tena miguu hiyo.

Inafaa kujua jinsi ulivyoenea. Katika nchi ya Bandundu, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofunguliwa, wachuuzi wa mihogo wakaongezeka. Wanawake wengi wakapunguza siku za kuloweka, kutoka tatu mpaka moja, ili wauze upesi. Na konzo ikaonekana katika vijiji vyao. Huko Msumbiji, mwaka 1981, wakati wa ukame mkubwa, watu zaidi ya elfu moja walilemaa kwa namna hiyo hiyo. Katika miaka ya vita ugonjwa huo ulionekana hata Kivu ya Kusini. Popote ulipopita, sababu ni zile zile: haraka, njaa, na chungu kisicho na kitu kingine ila muhogo.

Hapa mkatekumeni na asikilize vizuri. Mtoto akiamka amelemaa, wako watu wanaosema mara moja kwamba ni uchawi. Wanamtafuta bibi mzee wa ukoo, wanamshtaki, wanamfukuza, pengine wanampiga. Bibi huyo hana kosa. Kosa limo katika kikapu kilichotolewa majini kabla ya wakati wake. Amri ya nane inakataza kumshuhudia mwenzako uongo. Na kumwita mtu mchawi kwa sababu ya sumu ya muhogo ni uongo, tena ni uongo unaoua.

Basi kazi ifanywe hivi. Mihogo michungu imenywe, ilowekwe na kufunikwa na maji yote, mahali ambapo watu hawachoti maji ya kunywa. Ikae siku tatu kamili, au zaidi penye baridi. Isitolewe mpaka kidole kiingie bila shida na uzi wa katikati uchomoke. Ikamuliwe, imegwe vipande vidogo, ianikwe mpaka ikauke kabisa. Kisha itwangwe na kuchekechwa. Mama akinunua unga sokoni asiojua umelowekwa siku ngapi, yako bado msaada mmoja. Auchanganye unga na maji mpaka ulowane wote, autandaze mwembamba juu ya mkeka au sinia, usipite unene wa kidole, auache saa mbili juani, au saa tano kivulini, kisha apike ugali siku ile ile. Sumu iliyobaki hutoka kama hewa. Sombe nalo litwangwe sana, kisha lichemshwe kwa muda mrefu. Na chungu cha ugali kisikae peke yake: ndagala, maharagwe, karanga na mayai huupa mwili nguvu ya kuishinda sumu ndogo inayobaki.

3. Mwenye akiba anaweza kungoja

Mjane wa mfano aliijua sheria ya siku tatu. Lakini jirani zake wengi waliijua pia, na hata hivyo walitoa mihogo yao mapema. Tofauti ilikuwa wapi? Ilikuwa juu ya mafiga. Yeye alikuwa na kichanja chenye chakula. Wao walikuwa na moshi mtupu. Asiye na akiba hawezi kuwa na subira, hata akitaka, kwa maana njaa ya watoto inampigia kelele. Kwa hiyo ufundi wa kuweka chakula si kazi ndogo ya wanawake wazee. Ndio unaompa mtu uhuru wa kusema "nitangoja", asiburuzwe na mchuuzi wala na njaa.

Ufundi huo hauhitaji mali. Ndagala huvuliwa usiku wa giza, wakati mwezi haupo, kwa mwanga wa taa, na asubuhi huanikwa. Wakimwagwa juu ya mchanga, hukauka pamoja na uchafu. Wakitandazwa juu ya kichanja cha matete kilichoinuliwa kutoka ardhini, upepo hupita juu na chini, nao hukauka upesi na kukaa safi. Siku ya mvua wasiachwe nje waoze: watiwe chumvi, au waanikwe juu ya moshi.

Mahindi ya kuweka huchaguliwa yale ambayo maganda yake yamefunga vizuri mpaka ncha, kwa maana dumudumu huingia kwa mlango ulio wazi. Hufungwa mashada, hutundikwa juu ya jiko. Joto huyakausha, na moshi huwafukuza wadudu. Punje iliyokauka sawasawa hupasuka kwa sauti chini ya jino, ikibonyea, bado. Maharagwe yakisha kukauka huchanganywa na majivu yaliyopoa na kuchekechwa, hutiwa katika kibuyu au mtungi mpaka ujae kabisa, na mdomo huzibwa kwa udongo. Majivu hujaza nafasi zote kati ya punje, na mdudu hana pa kupita. Mawese huchemshwa mpaka maji yaishe, hutiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, nayo hukaa muda mrefu. Na wekundu wake ni nguvu ya macho ya watoto.

Neno moja liongezwe juu ya ukungu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zina sumu yake, nayo haiishi kwa kupikwa. Huharibu ini polepole. Wako watu wanaosema: "Hizi hazifai kwa ugali, basi tuzifanye pombe," au, "Tuwape kuku." Si vizuri. Sumu huingia katika pombe, huingia katika kuku, na mwisho humrudia mtu. Kilichooza kitupwe. Aliyeanika vizuri tangu mwanzo hana kingi cha kutupa.

4. Mana, Yosefu na tajiri mpumbavu

Labda mkatekumeni mmoja atauliza: Je, Mungu hakukataza kuweka akiba? Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, Waisraeli waliokusanya mana na kuificha mpaka asubuhi waliikuta ina funza na harufu mbaya. Na katika Evanjili ya Luka, sura ya 12, Bwana wetu anasimulia habari za tajiri aliyekusudia kujenga ghala kubwa zaidi, akaambiwa na Mungu kwamba roho yake itatakwa usiku ule ule.

Lakini na asome mbele. Katika sura ile ile ya Kutoka, siku ya sita Mungu aliwaamuru kukusanya sehemu mbili na kuweka moja kwa siku ya Sabato. Na ile iliyowekwa kwa amri yake haikuoza. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, Yosefu alimshauri Farao kutenga sehemu moja ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe. Na kwa ghala hizo watu wa Misri wakaokolewa, pamoja na ndugu zake waliomwuza. Hata Yezu mwenyewe, alipokwisha kuwalisha watu elfu tano, aliwaagiza mitume wakusanye mabaki ili kisipotee kitu. Wakajaza vikapu kumi na viwili.

Basi Mungu hachukii ghala. Anachukia ghala yenye mlango mmoja tu, wa kuingizia. Tajiri yule aliweka kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Yosefu aliweka ili aweze kufungua siku ya njaa. Mjane naye aliweka kwa ajili ya watoto wa mwanawe. Na kwa kungoja siku tatu aliwalinda hata watoto wa mjini, asiowajua kwa jina wala kwa sura. Hapo ndipo akiba ya chakula inapogeuka kuwa upendo wa jirani.

5. Kuloweka na kuweka akiba katika roho

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliagiza kwamba watu wafundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Mapadri wake walipofika Mpala mwaka 1885, na Kirungu mwaka 1893, waliishika sheria hiyo. Miaka minne ni mingi. Lakini Kardinali alijua jambo ambalo mama wote wa Kongo wanalijua: kitu kichungu hakiwi kitamu kwa usiku mmoja. Leo muda wa mafundisho hupangwa kwa namna nyingine, lakini sababu yake haijabadilika.

Kwa macho, wakatekumeni wote ni sawasawa. Wote wanajibu maswali, wote wanafanya ishara ya msalaba. Lakini mmoja ana chuki ya miaka mingi juu ya ndugu yake, naye hajaiacha itoke. Mwingine ana hirizi chini ya sanduku, amesema moyoni: "Padri hataiona." Mwingine ana deni la mjane, hajalilipa. Huyo ni muhogo wa usiku mmoja: mweupe nje, mgumu ndani. Siku ya taabu ndiyo kidole gumba cha kumpima. Kwa hiyo mkatekumeni akiambiwa na padri, "Ngoja mwaka mwingine," asikasirike wala asiseme kwamba amechukiwa. Mama hauchukii muhogo anaourudisha majini. Anautaka uwe chakula.

Na kama mwili wa mtu unahitaji kichanja chenye akiba, roho nayo ni vivyo hivyo. Usiku mmoja mtoto atapata homa kali. Nje ni giza, dispanseri ni mbali, na jamaa watakuja mlangoni wakisema: "Twende kwa mfumu, atutajie aliyemloga." Saa hiyo si saa ya kuanza kujifunza imani, kama vile mwezi wa njaa si mwezi wa kuanza kuanika ndagala. Kama mtu ameweka akiba siku za raha, yaani sala za asubuhi na jioni, amri za Mungu, maneno ya Evanjili aliyoyasikia Dominika, na urafiki wa Wakristo wenzake, atateremsha akiba hiyo katika giza. Atasali, ataamsha jirani, atambeba mtoto waende dispanseri usiku ule ule. Lakini aliyejifunza midomo tu atakuta kichanja kitupu. Atakwenda kwa mfumu, na kesho yake bibi mmoja atashtakiwa.

Zamani, kabla ya matengenezo ya ibada yaliyofuata Mtaguso wa pili wa Vatikano (1962-1965), padri alimtia mkatekumeni chembe ya chumvi ulimini. Ibada hiyo leo haifanywi tena katika ubatizo wa siku zote, lakini maana yake inafaa kukumbukwa. Chumvi huwalinda samaki wasioze. Kanisa lilimwombea mkatekumeni hekima ya Mungu imlinde hivyo hivyo, asioze katika dhambi, adumu mpaka siku yake ifike. Chumvi ni kidogo kwa macho, lakini samaki wanaitambua.

6. Mwisho wa mfano

Jioni ile ya Jumamosi mkaza mwana alirudi nyumbani amenyamaza. Hakusema neno juu ya nguo, wala mzee hakumwuliza. Makopa yakakauka siku zilizofuata, yakatwangwa, na watoto wakala ugali mpaka Juma Kuu.

Siku mbili kabla ya kwenda misioni kwa Pasaka, mjane alifungua sanduku lake. Akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa, kipya, chenye majani makavu ndani yake ili nondo wasikile. Kijana akakitambua, akarudi nyuma. Kijiji kizima kilijua kwamba kitambaa hicho aliwekewa na marehemu mumewe, ili azikwe nacho.

"Mama, siwezi. Hiki ni cha kuzikwa kwako."

Mzee akakiweka mikononi mwake, akasema, "Nawe, mwanangu, unakwenda wapi kama si kuzikwa? Mimi nitapata kingine, au nitakwenda bila. Chukua, ushone."

Usiku wa Pasaka akabatizwa. Akaingia majini pamoja na Kristu, akatoka, akavikwa vazi jeupe. Wala hakuna mtoto yeyote, kijijini au mjini, aliyelipa bei ya vazi hilo kwa miguu yake.

Maswali kwa wakatekumeni

1. Kwa nini muhogo mchungu hulowekwa siku tatu au zaidi? Ni alama gani zinazoonyesha kwamba umekuwa tayari?

2. Mtoto akilemaa ghafula, Mkristo afanye nini, na asifanye nini?

3. Yosefu wa Misri na tajiri wa Evanjili walitaka kuweka chakula ghalani wote wawili. Walitofautiana kwa nini?

4. Je, mkatekumeni ana uchungu gani moyoni ambao hajaacha utoke? Hili asimjibu mwalimu. Amjibu Mungu katika sala.

Azimio la juma hili: kila nyumba ya wakatekumeni itenge kikapu kimoja cha chakula kikavu kwa siku ya shida, na ijifunze kwa moyo sala moja isiyokuwa nayo bado.